Kijana akiumwa koo mpaka anatema mate: wazazi tusiishie duka la dawa

Mama Kihonda (mleta uzi)

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Mwanangu wa kidato cha tatu ametoka hospitali wiki hii. Aliruhusiwa bweni kwa sababu ya koo, akafika nyumbani koo limeshageuka jipu nyuma ya tonsesi ya kulia. Sasa hivi anakula ugali, namshukuru Mungu. Nimeamua kuandika kwa kirefu kwa sababu kule wodini nilikaa na wazazi wenzangu ambao vijana wao waliletwa na tatizo hilohilo, na simulizi zao zinafanana: mtoto analalamika koo, ananunuliwa vidonge vya rangi mbili, anaambiwa anywe supu ya moto, na kwa kuwa ameshaanza kuota ndevu hakuna anayemwambia afungue mdomo atazamwe.

Mtoto mchanga akichemka nyumba nzima haitulii. Kijana wa miaka 15 au 16 tunamwona ameshakuwa mtu mzima, tunamwachia paketi ya dawa na chupa ya maji, tunaenda kazini. Na umri huo ndio hasa umri wa jipu la tonsesi. Daktari wa masikio, pua na koo aliyemhudumia alituambia jipu hili huwapata zaidi vijana wakubwa na watu wazima wadogo kuliko watoto wa chekechea.

Homa ya mwanangu ilikuwa ya kupanda na kushuka, panado ikiishusha kisha inarudi, na kwa homa pekee ningeweza kuvumilia. Mdomo ndio ulionitoa nyumbani. Nilimpelekea uji akasema hawezi kufungua. Kijiko cha chai kilikuwa kinapenya kwa shida katikati ya meno. Sauti ilishabadilika, anaongea kama mtu aliyejaza kiazi cha moto mdomoni. Pembeni ya kitanda alikuwa na kikopo anachotemea mate, kwa sababu kumeza hata mate yake kulimtoa machozi, na ananiambia sikio la kulia linachoma wakati sikio lenyewe ukiligusa halina kitu. Nilimtoa kibarazani kwenye mwanga, nikawasha na tochi ya simu. Kwa ule upenyo mdogo niliona kimeo hakijakaa katikati. Kimesukumwa kushoto, na upande wa kulia, juu ya tonsesi, pamefura na kung'aa.

Hospitali daktari alimtazama muda mfupi sana akasema ni jipu. Alimpulizia dawa ya ganzi, akaingiza sindano akavuta usaha mpaka bomba likakaribia kujaa. Harufu yake sitaisimulia. Lakini jamani, ndani ya saa moja mtoto alifungua mdomo na kuomba maji. Akawekewa dripu kwa sababu alikuwa amekauka, akaanzishiwa antibayotiki za kwenye mshipa, baadaye akabadilishiwa vidonge vya kumalizia nyumbani.

Kwa hiyo ninachowaomba wazazi ni kimoja. Kijana akilalamika koo, mfungue mdomo umwangalie, kila siku, mpaka apone. Angalia kama mdomo unafunguka vizuri, kama kimeo kipo katikati, kama anameza mate yake, kama sauti ni yake. Hivyo vitu vinne havihitaji kipimo wala hela, na hakuna muuza dawa atakayeviona akiwa nyuma ya kaunta wakati mgonjwa yuko nyumbani.

Wataalamu wakipita hapa naomba waongezee. Mimi ni mzazi tu.

Mzigua wa Handeni

Pole sana dada, na hongera kwa kuwa macho. Mimi naomba kuuliza. Binti yangu ana miaka 13, koo linamuuma tangu juzi, ana mafua na kikohozi kikavu. Tonsesi naziona nyekundu ila mdomo unafunguka vizuri na anakula. Je, nikimbilie antibayotiki au nisubiri?

Tabibu wa Zahanati

Nashukuru kwa uzi huu. Mimi ni tabibu, nipo mkoani, na koo ni kitu ninachokiona kila siku ya kazi.

Mkuu Mzigua, kwa maelezo yako hilo linaelekea kuwa koo la virusi. Koo likija na mafua, kikohozi, sauti kukauka au macho mekundu, mara nyingi ni virusi, na antibayotiki haviui virusi. Hata kwa watoto wa shule, ambao ndio wanaopata bakteria zaidi, makoo mengi ni ya virusi. Mpe maji ya kutosha, mpe dawa ya maumivu, mwangalie kama mleta uzi alivyosema. Mengi hutulia ndani ya wiki.

Koo la bakteria, na hapa nazungumzia yule anayeitwa streptokokasi wa kundi A, lina sura yake. Huanza ghafla. Homa ipo, kikohozi hakuna. Tonsesi zimevimba na mara nyingi zina madoa ya usaha meupe au ya manjano. Ukipapasa shingo mbele, chini ya pembe ya taya, unakuta vifundo na mtoto anaruka ukivigusa. Umri wa miaka 5 hadi 15 ndio wenyewe. Dalili hizo zikikutana zote, siwezi kumrudisha mtoto nyumbani na panado peke yake. Penye kipimo cha haraka cha koo, kile cha kusugua na kijiti chenye pamba, tunapima. Kwingi hakipo, kwa hiyo tunaamua kwa macho na mikono.

Dawa yake bado ni penisilini au amoksilini. Dawa za zamani, za bei nafuu, na bakteria huyu hajawahi kuizoea penisilini mpaka leo. Watu wanaodai sindano kali za bei kubwa kwa koo la kawaida wanapoteza hela na wanatuharibia dawa ambazo tutazihitaji siku ya homa ya uti wa mgongo.

Sasa jambo ambalo ningependa kila mzazi alishike: kwa koo la streptokokasi dozi ni siku 10. Najua siku ya tatu mtoto anacheza mpira. Maumivu huondoka mapema, lakini siku zile zinazobaki zinalinda moyo. Streptokokasi asipomalizwa kooni, wiki mbili au tatu baadaye kinga ya mwili wa mtoto yuleyule inaweza kugeuka na kushambulia viungo na valvu za moyo, yaani vile vilango vinavyopitisha damu ndani ya moyo. Tunaiita homa ya baridi yabisi, na madhara yake kwenye valvu hayaondoki kwa panado. Habari njema ni kwamba antibayotiki hata ikianza ndani ya siku 9 tangu koo lianze bado inazuia hilo. Kwa hiyo aliyechelewa siku tatu nne asikate tamaa akaacha kuja.

Kwa kijana ambaye unajua hatamaliza vidonge, ipo penisilini ya muda mrefu, ile watu wanaiita Penadur. Kwa mwenye uzito wa kilo 27 kwenda juu ni yuniti milioni 1.2 mara moja, ndani ya msuli, basi. Inauma, sidanganyi. Lakini hakuna dozi ya kuruka. Ichomwe kituoni, isichomwe dukani wala nyumbani, kwa sababu wapo wachache mno wenye mzio wa penisilini unaoweza kuwaangusha ndani ya dakika chache, na hapo inatakiwa adrenalini iwe karibu.

Bi Mkubwa wa Kilosa

Wanangu, sisi zamani mtoto akiwa na koo la kudumu anapelekwa kwa fundi anakatwa kimeo. Wengi walipona. Nyie wa siku hizi mnadharau. Naona mnazungushwa na masindano.

Mama Kihonda

Shikamoo bibi. Hatudharau, na ninajua wapo waliokatwa na leo wazima. Lakini bibi, hata mwanangu pale kibarazani nilipoona kimeo kimelala upande, kimeo chenyewe hakikuwa na kosa. Kilisukumwa na usaha uliokuwa nyuma ya tonsesi. Ningemkata kimeo, usaha ungebaki palepale.

Tabibu wa Zahanati

Marahaba kwa niaba ya bibi, na shikamoo bibi. Naomba niongeze kwa heshima. Kimeo ni sehemu ya mwili ambayo kila mtu anayo, kinasaidia chakula na maji visipande puani tunapomeza. Mtoto akikohoa muda mrefu, ukimfungua mdomo utakiona kimeo kwa sababu kipo siku zote, na ndipo kinasingiziwa. Nimepokea watoto waliotoka kukatwa: wengine wanavuja damu mpaka wamepauka, wengine koo limeoza. Kifaa kimoja kinapita kwa watoto kadhaa, na hapo kuna pepopunda, kuna homa ya ini, kuna UKIMWI. Na wakati familia inasubiri kidonda kipone, kifua kikuu au nimonia iliyokuwa inamkohoza inaendelea kimyakimya. Bibi, tunakuomba utusaidie kuwaambia wenzako. Wewe wanakusikiliza kuliko mimi.

Bi Mkubwa wa Kilosa

Marahaba wanangu. Nimesoma. Mjukuu wangu ana koo la mara kwa mara, mama yake alishaniambia habari za kimeo. Nitamwambia aende kwanza kituo cha afya wamwangalie.

Dada wa Nne

Naomba nichangie lile la moyo, maana naona watu wamelipita haraka.

Mdogo wangu wa kike alikuwa na miaka 12. Koo, halafu likaisha. Baadaye goti likavimba, likapona lenyewe, kifundo cha mguu wa pili kikaanza, kisha kiwiko. Nyumbani wakasema anakua, wengine wakasema amerogwa maana ugonjwa unahama. Hakuna aliyeunganisha na koo. Miaka ikapita, akiwa kidato cha pili akawa hawezi kupanda ngazi za shule, usiku analalia mito mitatu. Kipimo cha moyo kikaonyesha valvu imeharibika. Amefanyiwa upasuaji pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na kwa kweli tunawashukuru sana wale watu. Lakini maisha yake sasa ni dawa ya kuzuia damu kuganda kila siku, kupima damu mara kwa mara, na Penadur kila baada ya wiki nne. Anataka kuolewa, anataka watoto, na kila hatua lazima aanze kwa daktari wa moyo.

Ugonjwa huu nchi tajiri karibu wameusahau. Mwaka 2018 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio la kuupiga vita, na ukiutazama kwa undani unaanzia pale pale: koo la mtoto, nyumba zenye msongamano, dawa ya bei ya chini ambayo haikutolewa au haikumalizwa. Kwa hiyo mtu akiniambia "koo tu" nanyamaza kwanza, nahesabu moyoni, ndipo namjibu.

Tabibu wa Zahanati

Pole sana dada. Yale maumivu ya viungo yanayohama ndiyo tunayowafundisha wanafunzi wetu. Wazazi mwandike mahali: wiki mbili mpaka nne baada ya koo, mtoto akianza kuvimba viungo kwa kuhama, akihema bila sababu, moyo ukimdunda, au mikono na uso vikianza kuchezacheza asivyotaka, mrudisheni hospitali na mseme wazi kuwa aliumwa koo. Vilevile mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi au soda nyeusi na uso ukavimba asubuhi, hapo figo ndizo zimeguswa. Na lenyewe hutokea wiki moja mpaka tatu baada ya koo.

Mwanakombo

Hamjambo nyote. Mimi niko Mombasa. Mwanangu wa kike, form two, alipewa amoxicillin kwa sababu ya tonsils, siku za mbele akatoka vipele vyekundu mwili mzima. Kila mtu akasema ni allergy ya penicillin, nikaambiwa asitumie tena maisha. Lakini uchovu wake ulikuwa si wa kawaida, alilala kutwa, na tezi za shingo zilivimba mpaka nyuma. Daktari wa pili akamtoa damu akasema ni virusi. Nimechanganyikiwa, ni allergy ama ni virusi?

Tabibu wa Zahanati

Dada Mwanakombo, swali zuri na linawahusu vijana hasa. Kuna virusi vinaitwa Epstein-Barr, vinaambukizwa kwa mate. Mtoto mdogo akivipata mara nyingi havionyeshi kitu, kijana akivipata humlaza. Koo linakuwa baya kabisa, tonsesi zinafunikwa na utando mweupe, tezi zinavimba mpaka nyuma ya shingo, na uchovu unaweza kudumu wiki kadhaa baada ya homa kuisha. Mgonjwa wa virusi hivi akipewa ampisilini au amoksilini, mara nyingi hutoka vipele vya namna hiyo. Si lazima iwe mzio wa kweli. Mwombe daktari aandike kwenye kadi yake yote mawili, vipele na majibu ya damu, ili siku akihitaji penisilini asinyimwe bila sababu. Wala msiijaribu nyumbani kuhakikisha.

Jambo la pili, bandama linaweza kuvimba kwa virusi hivi. Asicheze mpira, asibebe ndoo nzito, asipigane mieleka na kaka zake kwa angalau wiki tatu nne, mpaka daktari ampapase tumbo na kumruhusu. Maumivu makali ghafla ya tumbo upande wa kushoto juu ni safari ya hospitali saa hiyohiyo.

Kwa vijana nina ombi jingine kwa wazazi, na naliandika kwa upole. Ukimleta kijana wako na koo lisiloeleweka, homa, vipele, tezi kila mahali, usishangae nikikuomba utoke nje kidogo. Kuna maswali hatayajibu mbele yako. Maambukizi mapya ya VVU yanaweza kuanza hivyohivyo, na kisonono kinaweza kukaa kooni. Anayeachwa aongee na mhudumu faraghani hutibiwa mapema.

Kifaru Mweupe

Mimi nina miaka 19, nimemaliza kidato cha sita. Naomba niwaambie wazazi upande wetu.

Bweni ukisema unaumwa, kwanza unaambiwa unakwepa mtihani. Shuleni kwetu chumba cha wagonjwa kilikuwa na panado na dawa ya minyoo. Ukipewa vidonge vya siku kumi unavificha kwenye tranka, asubuhi unawahi namba, mchana uko darasani, unakumbuka usiku, unameza viwili kwa mkupuo. Halafu rafiki yako naye koo linamuuma, unampa nusu, kwa sababu ni rafiki yako na nyumbani kwao hawatumi hela. Tulikuwa tunakunywa maji kwenye kikombe kimoja cha plastiki watu sita. Na simu hakuna, kwa hiyo mama anajua wewe mzima mpaka siku ya kutembelewa.

Nilipopata koo lile la kutema mate nilikaa kimya kwa sababu baba alikuwa ametoka kulipa ada. Sikutaka awe na gharama nyingine. Mkituona tumenyamaza msidhani tumepona.

Mama Kihonda

Mwanangu Kifaru, ubarikiwe kwa kusema. Hilo la ada hata wangu alinitamkia akiwa kwenye dripu. Nikamwambia ada ni kazi yangu, kazi yake ni kuniambia.

Mzigua wa Handeni

Naomba msaada kwenye dawa za maumivu. Dukani nimeuziwa diklofenaki, jirani kaniletea aspirini, nyumbani nina panado. Nimpe ipi? Na vyakula?

Tabibu wa Zahanati

Aspirini mrudishie jirani. Kwa aliye chini ya miaka 16 mwenye homa haitakiwi kabisa, inaweza kusababisha ugonjwa mbaya wa ubongo na ini. Diklofenaki iache, si ya kuanzia kwa mtoto.

Anza na parasetamoli, ndiyo hiyo panado. Kipimo ni miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito wake, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa saa 24. Binti wa kilo 40 ni miligramu 600, kwa hiyo kidonge kimoja cha miligramu 500 kinamtosha. Soma na boksi la dawa ya mafua, nyingi zina parasetamoli ndani yake na watu wanajikuta wametoa dozi mara mbili. Maumivu yakizidi, ibuprofeni inaweza kuongezwa, miligramu 200 baada ya kula kitu, isizidi mara 3 kwa siku. Usimpe ibuprofeni kama hanywi maji au hakojoi, kama ana vidonda vya tumbo au pumu inayochochewa nayo, au kama dengue imeshamiri mtaani kwenu.

Wakati wa kutoa ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri. Mpe dawa, subiri kama nusu saa, ndipo umpe chakula. Koo likiwa limelegea kidogo atameza. Ukimpa vyote pamoja atakataa vyote.

Vyakula, mama wa mgonjwa anajua kuliko mimi.

Mama Kihonda

Kwangu vilivyopita ni uji mwepesi wa vuguvugu, mtindi, supu iliyochujwa isiyo na pilipili wala ndimu nyingi, ndizi mbivu iliyopondwa na parachichi. Supu ya moto inayotoka moshi iliongeza maumivu. Kitu cha baridi ndicho kilimsaidia zaidi, maji ya friji na barafu ya juisi ya ukwaju isiyo kali, analamba polepole. Wazee walinipigia kelele kuwa baridi inaleta koo, daktari akaniambia nimpe, inatia ganzi. Asali kijiko kimoja kwenye maji ya uvuguvugu pia alipenda.

Kusukutua: nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, anasukutua anatema, mara kadhaa kwa siku. Haitibu bakteria ila inapunguza maumivu na kinywa kinakuwa safi, na kinywa cha mtu asiyemeza kinanuka mpaka mwenyewe anaona aibu kuongea.

Maji nilimpa kwa kikombe kidogo, mafunda mawili matatu kila mara, badala ya kumwekea jagi na kumwambia amalize. Na nilimuuliza habari za mkojo kila siku, hata kama hakupenda. Nilimlaza mgongo na kichwa vimeinuka kwa mito. Kikombe, kijiko na taulo vilikuwa vyake peke yake, kwa sababu ana wadogo zake.

Mpare Same

Kituo tulichokwenda walimpima kijana malaria, hana. Wakampima mkojo, wakasema ana UTI, akapewa dawa. Koo hakuna aliyeangalia. Siku mbili baadaye shingo imevimba upande mmoja, homa kali, anatetemeka. Nifanye nini? Ni usiku huu.

Tabibu wa Zahanati

Ndugu, usisubiri asubuhi. Nenda hospitali kubwa iliyo karibu nawe sasa, ya wilaya au ya mkoa, yenye daktari usiku. Shingo kuvimba upande mmoja pamoja na kutetemeka kwa homa baada ya koo inaweza kuwa usaha umeshuka ndani ya shingo, au maambukizi yameingia kwenye mshipa mkubwa wa damu. Ya pili ni nadra, lakini huwapata vijana wazima kabisa. Usikande, usichue, usipake dawa ya kienyeji. Kama anameza, mpe maji njiani. Akishindwa kumeza usimlazimishe. Ukifika anza na maneno haya: "Aliumwa koo, sasa shingo imevimba na anatetemeka."

Kwa wengine wanaosoma, safari ya usiku ni hivi pia: anakoroma au kutoa mlio akivuta pumzi akiwa macho, anakaa ameinama mbele akitokwa na udenda, hawezi kulala chali, shingo imekakamaa, mdomo haufunguki, hajakojoa kwa saa 12, amelegea au anaongea vitu visivyoeleweka. Mwenye mlio na udenda msimwekee kijiko kooni kumchungulia, njia ya hewa inaweza kujifunga. Mwacheni akae anavyoona nafuu, mwende. Na ukiona utando wa kijivu umeganda kooni, ukiugusa unavuja damu, na shingo imefura pande zote, taja kuwa unaogopa dondakoo na useme kama hakumaliza chanjo za utotoni.

Kuhusu malaria: kumpima ni sawa, kila homa huku kwetu inapimwa. Ila mzazi una haki ya kusema, "Daktari, naomba umwangalie na koo." Hakuna tusi hapo.

Mpare Same

Tumefika. Wamempokea, wamemwekea dawa za mshipa, kesho anapigwa picha ya shingo. Kwa sasa anapumua vizuri. Asanteni, nitaleta mrejesho.

Mama Kihonda

Tuko pamoja ndugu yangu. Tunamwombea.

Mwanakombo

Dada, swali la mwisho. Wako anarudi shule lini? Na hizo tonsils zitatolewa?

Mama Kihonda

Daktari alisema mwenye koo la bakteria la kawaida anaweza kurudi darasani akishatimiza siku nzima kwenye antibayotiki na homa imeisha, maana hapo haambukizi tena. Wa kwangu kwa sababu ya jipu nimemuombea ruhusa mpaka dozi iishe. Nataka amalizie dawa mbele ya macho yangu.

Kuhusu kutoa tonsesi, nilidhani watamkata palepale. Aliniambia hawakimbilii. Wanafikiria kwa mwenye mafindofindo makali kama mara 7 ndani ya mwaka mmoja, au mara 5 kila mwaka kwa miaka miwili, au mara 3 kila mwaka kwa miaka mitatu, na pia mwenye jipu linalojirudia. Kwa hiyo nimenunua daftari dogo, kila koo linaandikwa tarehe, homa, na dawa aliyopewa. Kliniki tunarudi mwezi ujao.

Barua kwa matroni nimeshaandika. Nimeweka kwamba akilalamika koo apigiwe simu mzazi siku hiyohiyo, asipewe antibayotiki bila kuonwa na tabibu, na mdomo usipofunguka apelekwe hospitali hata kama mimi sijapatikana kwenye simu. Namba ya shangazi yake anayeishi karibu na shule ipo chini ya yangu. Anayetaka maneno ya barua aseme, nitayaandika hapa kesho nikitoka sokoni.